Maji ya Shakuru

Kisima kile nilikichimbisha mimi. Nalisema hilo mapema kwa sababu watu wa mtaa wetu wa Bwiza wana midomo, na mambo yalipoharibika kila mmoja alidai kwamba alinionya. Hakuna aliyenionya. Siku maji yalipotoka walikuja na bidoni zao, yale madumu ya maji, kabla hata tope halijatulia, na wa kwanza kwenye foleni alikuwa Khaled mwenye duka, ambaye ndiye aliyekuja kusema zaidi ya wote.

Mume wangu, Shakuru, alikuwa fundi wa malori. Mwaka wa tisini na tano walimwita akatengeneze lori lililokwama kwenye barabara ya Bugarama. Akapanda gari la wenzake, na gari lile likapigwa risasi kabla halijafika. Nani alipiga, sikuuliza. Miaka ile jibu la swali hilo lilikuwa linaua watu wengine. Tulimzika kesho yake. Hakuacha mtoto. Tulikaa pamoja miaka kumi na minne na Mungu hakutupa. Elimu hakuacha, maana hata jina lake aliliandika kwa shida. Na kila Mwislamu anajua kwamba mtu akifa amali zake zinakatika isipokuwa kwa mambo matatu: mtoto mwema wa kumwombea, elimu aliyowaachia watu, na sadaka inayoendelea. Mawili Shakuru alikuwa hana. Basi nikauza mashine yake ya kuchomelea na vyuma vyake vyote, nikachimbisha kisima uani kwetu, avenyu ya sita, nikakiweka sadaka kwa jina lake. Kila atakayekunywa, thawabu imfikie Shakuru huko aliko. Alilala kaburini na kitu kimoja tu, na kitu chenyewe ni kile kisima.

Wala haikuwa sadaka ya kujionyesha. Vita vilikuwa vimeutia mji kiu. Nguzo za umeme zikiangushwa milimani, mashine za kusukuma maji zinasimama, na mabomba ya mtaani kwetu yanakohoa hewa siku tatu, siku nne. Bomba pekee lisilokatika lilikuwa chini kabisa, kuelekea ziwani, karibu saa nzima kwenda na kurudi, na foleni yake hujui itaisha kabla ya risasi kuanza au baadaye. Kisima changu kilikuwa na maji masika na kiangazi. Baridi, matamu, meupe hata ungedondosha sindano ndani ya bilauri ungeiona. Mimi nauza chai na maandazi mbele ya nyumba, na watu walikuwa wanatoka mtaa wa Buyenzi kuja kunywa chai ya Khadidja. Walisema siri yangu ni tangawizi. Mimi nilijua siri ni maji.

Mama mkwe wangu, Bi Sijaona, aliishi nami. Macho yake yalikuwa yameingia ukungu, haoni ila mwanga na kivuli. Lakini kila alasiri, watoto wa chuo cha Kurani cha Mwalimu Musafiri walipotoka masomoni nyumba ya pili, walimkuta ameshaketi kwenye kigoda kando ya kisima, ndoo imejaa mbele yake, kikombe cha bati mkononi. Alimnywesha kila mtoto kwa mkono wake.

"Kunywa, mutoto wangu," alisema. "Halafu sema: Mungu amurehemu Shakuru."

Watoto thelathini na kitu wanasema, mmoja baada ya mwingine, na uso wa yule mama unafunguka. Mwisho anakunywa mwenyewe, vikombe viwili, vitatu, hata kama hana kiu. Nilimuuliza mara moja kwa nini anajijaza maji namna ile. Akaniambia, "Mi ndiye mama yake. Thawabu ya kwangu si itamufikia mbele ya zote?" Sikuuliza tena.

Mwanzoni mwa mwaka wa elfu mbili na moja vita viliingia Kinama, pembeni mwa mji. Watu wa Kinama na Carama walimiminika mjini na magodoro kichwani, na wengi wao wakalala katika shule iliyo nyuma ya avenyu yetu. Maji ya bomba hayakuwatosha hata wenyeji, basi wakaelekezwa uani kwangu. Sikuwafukuza. Nilifurahi, nasema kweli. Niliitazama foleni nikasema moyoni, Shakuru, pokea.

Siku ya tatu akaja bwana mmoja anaitwa Astère. Mrefu, mkimya, shati limepigwa pasi ingawa yeye mwenyewe alikuwa amekimbia Carama na nguo alizovaa. Alikuwa fundi wa maji, na shirika moja la misaada lilikuwa limempa kazi ya kupima visima wanavyotumia wakimbizi. Akachota maji yangu kwenye chupa ndogo, akatia unga wa pakiti moja, kisha unga wa pakiti nyingine, akafunga kifuniko chenye kikaratasi cheupe ndani yake. Akasema tungoje nusu saa. Nikampa chai, akainywa.

Alipofungua kifuniko, kikaratasi kilichokuwa cheupe kilikuwa cha kahawia. Akakilinganisha na kadi yenye mstari wa rangi, kutoka nyeupe mpaka kahawia iliyoiva, na chetu kilikuwa kule mwisho. Kisha akaitazama bilauri ya chai aliyokuwa ameimaliza, akaisogeza mbali kidogo na mkono wake.

"Mama," alisema, "maji hii munakunywa tangu lini?"

"Miaka mitano. Kwani iko na nini? Mi nachemsha. Wakati ya kipindupindu walitufundisha, nachemsha mpaka inatokota."

"Kuchemsha inaua mududu. Hii apana mududu. Inaitwa aseniki. Iko ndani ya jiwe, kule chini. Maji inakaa na jiwe ile miaka na miaka, inachukua kidogo kidogo, vile maji ya moto inachukua rangi ya majani ya chai. Ukichemsha, maji inapungua, yenyewe inabaki."

"Ni sumu?"

Alitazama mlango wa ua kabla ya kunijibu.

"Ni sumu, mama. Lakini nakuomba, neno ile usiitoe barabarani peke yake. Sema jiwe. Ukisema sumu, watu watauliza nani ameitia, na we unajua watatazama upande gani. Hakuna mutu ameitia. Iko humo tangu Mungu aumbe mulima."

Nilijua watatazama upande gani. Shule ilikuwa imejaa wageni ambao hakuna aliyewajua baba zao. Bwiza ile ile ilikuwa imeshaua watu kwa sababu ndogo kuliko hiyo.

Nikamuuliza inafanya nini mwilini. Akaniambia inaanza kwenye ngozi: madoa kifuani, punje ngumu kwenye viganja na chini ya nyayo. Miaka ikipita inaingia ndani, na ikishaingia ndani haina huruma. Nikavikumbuka viganja vya mama mkwe wangu. Vilikuwa vigumu, na mimi kila jioni navipaka mafuta ya mawese nikidhani ni uzee.

Mtu akiniletea habari mbaya, kwanza namkasirikia yeye. Ndivyo nilivyo. Nikamwambia pakiti zake zimeharibiwa na jua. Astère hakubishana. "Nitarudi kisha siku tatu, nipime tena," alisema. "Lakini musikunywe."

Nilikwenda kwa Mwalimu Musafiri moja kwa moja. Mwalimu alisomea Ujiji, anaongea kama mtu anayesoma kitabu, na mtaani kwetu neno lake juu ya najisi na tohara ndilo la mwisho. Alikuja uani na bilauri yake. Akachota, akaiinua juani, akanusa, akaonja, akameza.

"Rangi haikubadilika," alisema. "Harufu haikubadilika. Ladha haikubadilika. Maji haya ni tohara, Bibi Khadidja. Na kama moyo wako una wasiwasi, tutatoa ndoo arobaini, kama vile mnyama angefia ndani. Kisha maliza wasiwasi."

Sitadanganya: nilishusha pumzi. Nilitaka kuambiwa hivyo. Yule wa Carama alikuwa na kikaratasi, na huyu alikuwa na vitabu vya miaka elfu, na zaidi ya hapo alikuwa ananirudishia sadaka yangu nzima.

Asubuhi yake wanaume wa avenyu walikuja, Khaled mbele, mikono ya shati imekunjwa. Walivuta ndoo arobaini wakihesabu kwa sauti, na maji yote yakamwagwa mtaroni huku wakimbizi wamesimama na bidoni tupu wakiyatazama yanavyokwenda. Ndoo ya arobaini ilipotoka Mwalimu alisoma dua. Kikombe cha kwanza alipewa Bi Sijaona. Cha pili nilikunywa mimi, na kilikuwa kitamu kuliko siku zote. Siku tatu nikauza chai kwa amani.

Astère alirudi kama alivyosema. Safari hii nilivuta kiti nikakaa mbele ya ile chupa sikuondoka. Nilimwita Mwalimu naye akae. Kifuniko kilipofunguliwa kikaratasi kilikuwa cha kahawia ileile, hakikupungua hata kidogo. Nilichukua chupa nyingine mwenyewe, nikatia maji ya bomba niliyoazima kwa jirani, nikamwambia Astère aipime mbele yangu. Nusu saa nyingine. Kikaratasi kilitoka cheupe.

"Ndoo arobaini," nikamwambia Mwalimu.

"Hata ingekuwa elfu arobaini," alisema Astère taratibu. "Maji mupya inatoka palepale kwenye jiwe."

Mwalimu Musafiri alikishika kile kikaratasi cha kahawia muda mrefu. Mwisho akasema, "Vitabu vinasema maji haya yanafaa kutawadhia. Havikusema yanafaa tumboni." Nikamwachia mlango huo atokee; mtu anayeheshimiwa na mtaa mzima anahitaji pa kutokea. Na kwa haki yake, Ijumaa alisimama msikitini akalisema mbele ya watu: kisima cha Shakuru tawadhieni, fulieni, osheeni sakafu, lakini msinywe wala msipikie. Ni jiwe, alisema, si mkono wa mtu.

Hata hivyo Khaled alikuja kwenye meza yangu ya chai, akatazama upande wa shule, akauliza ni nani hasa aliyetia kitu kisimani. Watu wakatua bilauri zao.

"Khaled," nikamwambia, "we ndiye ulikuwa wa kwanza kwenye kisima ile, tangu siku ya kwanza. Nikianza kutafuta mutu, naanza na we. Ni jiwe. Sema jiwe."

"Nimeuliza tu, mama."

"Na mi nimejibu. Sema."

Akasema jiwe. Watu wakacheka, yeye mwenyewe akacheka, na maneno yale yakaishia pale. Kwa muda wa wiki nzima nililisema neno jiwe mara nyingi kuliko nilivyosema bismillahi.

Basi nikaanza. Nilipaka ukingo wa kisima rangi nyekundu. Nikafungia kamba na ndoo ndani, anayetaka maji ya kufulia aje aniombe, na nimtazame usoni wakati anaomba. Nikahamisha mbabula yangu ya chai, lile jiko la makaa, na masufuria, kutoka mbele ya nyumba nikaviweka uani karibu na kisima ili nione kila mkono. Maji ya kunywa nikawa nayafuata bomba la chini: bidoni mbili asubuhi mara tu amri ya kutotembea usiku inapoisha, mbili baada ya adhuhuri. Wateja wa chai walipungua nusu. Wengine walisema nimebadilisha majani. Wanawake wawili wa avenyu ya saba waliniita mchoyo wa maji ya Mungu, nikawaambia waje na vyombo vyao twende wote bombani. Hawakuja.

Hayo yote niliyaweza. Niliyeshindwa naye alikuwa ndani ya nyumba yangu.

Bi Sijaona alikuwa na kamba yake na kindoo chake, alivificha chini ya kitanda. Nikimgeuzia mgongo tu, ananyemelea na fimbo yake mpaka kisimani. Siku ya kwanza nilimkuta anakunywa, nikakaa chini mbele yake.

"Mama, maji hii inakuua."

"Niko na miaka sabini na kitu. Iniue."

"Na watoto?"

"Watoto wanamuombea mutoto wangu. Karatasi yenu mi siioni. Naonja, iko tamu. Mwalimu alisema haina neno."

"Mwalimu amebadilisha."

"Basi abadilishe tena." Kisha akageuza uso wake kwangu, macho yale ya ukungu, akasema polepole, "Shakuru ako na kitu kimoja tu huko, na we unataka kumunyima. Umelia miaka mitano, sasa umechoka naye."

Niliondoka. Nilikwenda nyuma ya choo nikalia, na nilikuwa nalia kwa hasira kuliko kwa huzuni, kwa sababu kulikuwa na jambo ambalo yeye hakulijua na mimi lilikuwa linanikosesha usingizi. Kama kila kikombe kilimpelekea Shakuru thawabu, basi kikombe chenye jiwe kilikuwa kinampelekea nini? Miaka mitano ya vikombe. Sikumuuliza Mwalimu Musafiri. Niliogopa kwamba ana jibu.

Foleni ya bomba ikirefuka, alasiri inanikuta bado niko kule. Ndivyo nilivyogundua. Siku moja narudi, bidoni moja kichwani na nyingine mkononi, naingia uani, nawakuta watoto wa chuo wamejipanga kama zamani, na mama mkwe wangu kwenye kigoda chake ananywesha. Nilitua bidoni. Kikombe kilikuwa mdomoni mwa Fadhila, binti wa fundi cherehani wa jirani, mtoto wa miaka minane. Nikakitoa mdomoni mwake, nikamwaga chini.

Fadhila akajifuta mdomo kwa mkono wa nguo yake.

"Mungu akuhukumu, Khadidja," alisema Bi Sijaona.

"Amina," nikasema. "Na anihukumu nikiwa nimemwaga."

Tangu siku hiyo hakunisemesha. Chakula changu alikula, salamu yangu hakuitikia. Kumpokonya kindoo kwa nguvu ningeweza. Mikono yangu ina nguvu na yake haina. Lakini ni mama yake Shakuru. Nikimvunjia heshima siku moja, je, kesho? Angepata kindoo kingine. Nilitaka aache mwenyewe, na sikujua nitampitia wapi mtu asiyeona rangi ya karatasi na asiyeogopa kufa.

Siku moja kabla ya Idi ya kuchinja, wasichana wa chuo walikuja uani kupakwa hina, kama kila mwaka. Vita au si vita, watoto hawaendi kusali Idi na viganja vitupu. Nilikoroga hina kwenye bakuli nikawapaka mmoja mmoja mchana ule ule, ili kila mmoja awe kwao kabla jua halijashuka. Mtindo wangu ni ule wa zamani: duara moja zito katikati ya kiganja, kisha vidole kuanzia kwenye pingili. Fadhila alikuwa wa kwanza, kwa hiyo alikuwa wa kwanza kukauka na kunawa. Akaja mbio kunionyesha.

Duara lilikuwa limeshika vizuri, jekundu. Lakini ndani ya duara kulikuwa na nukta nyeusi. Nyingi, zimetawanyika kiganjani, na nyingine kwenye mizizi ya vidole. Ngozi nene hunywa hina kupita ngozi nyembamba. Nimeiona hali hiyo kwenye visigino vya wazee maisha yangu yote. Kwenye kiganja cha mtoto sijawahi. Nikapitisha kidole gumba juu yake. Punje, kama umebandika mchele chini ya ngozi.

Mtoto huyu alianza kunywa kisimani kwangu akiwa na miaka mitatu. Yeye ndiye aliyekuwa akisema Mungu amurehemu Shakuru kwa sauti kubwa kuliko wenzake, na Bi Sijaona alimjua kwa sauti hiyo na kumpa cha kuongeza.

Nilimshika Fadhila mkono nikampeleka kwenye kigoda.

"Mama," nikasema, "leta mukono yako. Shika huyu."

Nilidhani atakataa. Lakini mkono wa mtoto ulikuwa umeshawekwa kwenye wake, na yeye hakuwahi kuuachilia mkono wa mtoto. Kidole gumba chake kikapita juu ya kiganja. Kikasimama. Kikarudi. Kisha akauachia mkono ule, akajishika kiganja chake mwenyewe, akakipapasa kwa kidole kilekile, polepole, akarudi tena kwa mtoto. Alifanya hivyo mara tatu.

"Huyu ni nani?"

"Ni mi, Fadhila, bibi."

"Una miaka ngapi?"

"Munane."

"Kwenu munalima? Unatwanga?"

"Apana, bibi. Mi nasoma tu."

"Lete muguu."

Fadhila alivua kandambili akauweka mguu wake juu ya magoti ya bibi. Bi Sijaona akaupapasa unyayo, kutoka kisigino mpaka vidoleni, kama anayetafuta mwiba. Wasichana wengine walikuwa wamekaa mkekani na mikono yao wazi, hina inakauka, wanatutazama.

"Kikombe nilimupa mi," alisema. Hakuwa ananiuliza.

Ningeweza kumpunguzia. Sikumpunguzia, kwa sababu nilikuwa najisemea mwenyewe pia. "Mi nilichimba, mama. We ulimunywesha. Sisi wawili."

Aliushikilia mguu ule mpaka wasichana wawili wakawa wameshanawa. Halafu akainuka na fimbo yake, akaingia chumbani, nikasikia anakokota kitu chini ya kitanda. Alitoka na kamba na kindoo, akaviweka mikononi mwangu. Machozi yalikuwa yanamtiririka na hakuyafuta. Mimi pia nilikuwa nalia, sijui tangu saa ngapi. Nikanyoosha mkono nichukue na kikombe cha bati.

"Kikombe apana," alisema. "Kikombe acha. Kesho watoto watakuwa na kiu."

Kesho yake baada ya sala ya Idi watoto walikuja, nguo mpya kwa waliopata, zilizofuliwa kwa waliokosa. Nilikuwa nimeshatoka bombani. Nilimimina maji ya bidoni kwenye ndoo, nikaiweka mbele ya Bi Sijaona. Alichota kikombe, akakishika, hakukitoa. Watoto wakangoja.

"Maji hii," akasema, "umeichota kwa nia ya nani?"

Ukweli ni kwamba wiki zile mbili nilikuwa nachota kwa nia ya hasira na mgongo unaouma. Lakini alfajiri ile, nikiwa kwenye foleni, nilikuwa nimeifikiria nia, na nilikuwa nimeitamka.

"Ya Shakuru, mama."

"Kutoka wapi?"

"Robine ya chini, ile bomba ya ziwani."

"Ulienda na muguu?"

"Na muguu."

Alifikiri. "Iko nzito kuliko ile ya kisima," alisema. Kisha akanyoosha kikombe. "Kunywa, mutoto wangu."

Sasa ni Agosti. Kinama watu wamerudi, wale waliokuta paa. Bomba la mtaani linakohoa kama zamani, na kisima cha Shakuru kinafulia nguo za nusu ya Bwiza. Ukingo wake nimeupaka nyekundu kwa mara ya pili. Astère hupita kila mwezi, hunywa chai yangu hadi chini na bilauri hairudishi nyuma. Amevikagua viganja vya Fadhila. Anasema dawa ya kwanza ni kuacha, na kwamba mtoto ana nafasi nzuri kuliko mzee, lakini haahidi kitu, nami namheshimu kwa hilo. Punje zinaonekana kulainika. Za mama mkwe wangu hazijalainika, na siku hizi anakohoa. Bado ananywesha. Mimi bidoni zimekuwa sita kwa siku.

Juzi nilikuwa nampa kikombe, kidole gumba chake kikagusa kiganja changu. Akanikamata mkono ghafla.

"Khadidja." Tangu siku niliyomwaga kikombe hakuwa ameniita kwa jina. "Umekunywa tena ya kisima?"

"Apana, mama. Hizo ni za bidoni."

Hakuniamini mpaka alipozipapasa mwenyewe, sugu nne, moja chini ya kila kidole, pale mpini wa bidoni unapokalia. Alizipitia moja baada ya nyingine, akarudia. Watoto walikuwa wanangoja na mimi nilikuwa na maandazi kwenye mafuta, lakini hakuniachia.

"Hizi," alisema, "zitamufikia."